Farasi wa Dakika Tano

Mimi si mtu wa kukaa. Kanisani wananiachia kiti cha nyuma karibu na mlango, maana wanajua kabla mahubiri hayajafika katikati nitakuwa nimetoka mara mbili: mara ya kwanza kuangalia kama mvua imeanza, mara ya pili kuangalia kama imekatika. Kwa hiyo watu wakiniambia kwamba Gaëlle hatulii, kwamba magoti yake yanacheza chini ya meza hata akila, siwaulizi amerithi kwa nani. Nimemlea mimi, mama yake mdogo, tangu ana miaka kumi.

Gaëlle ni mtoto wa marehemu dada yangu Pélagie. Tulitoka Uvira pamoja wakati wa vita, tukafika Kigoma. Mimi nikapata njia ya kuja Sweden, dada akabaki kambini na binti yake wakisubiri zamu yao. Zamu ilipofika, malaria ilikuwa imeshamchukua dada. Mwaka 2000 mtoto alishuka uwanja wa ndege wa Arlanda peke yake, amevalishwa koti la mtu mzima, na karatasi yenye jina lake inaning'inia shingoni. Nililia siku ile. Baada ya hapo nilikuwa na kazi nyingi, sikupata nafasi ya kulia tena.

Sasa, habari ya Gaëlle na farasi watu wa Husby, mtaa wetu, wanaisimulia kombo. Wapo wanaosema alikuwa na farasi wake, eti serikali ilimpa. Serikali gani hiyo inayogawa farasi? Hakuwahi kuwa na farasi hata siku moja, na habari yote imelala hapo.

Ukitoka kwenye maghorofa ya Husby ukavuka barabara, unafika kwenye uwanda wa Järva, majani matupu, na huko kuna shule ya kupanda farasi. Darasa lao lilipelekwa kutembea huko alipokuwa na miaka kumi na mmoja, wakati bado tunakaa Hjulsta, upande wa pili wa uwanda. Aliporudi alikuwa ananuka. Kesho yake akaenda peke yake, na keshokutwa vilevile. Walimpa uma wa kuzolea mavi, akazoa. Walimpa brashi, akawasugua farasi mpaka wakang'aa. Mwisho wa juma, kama asante ya jasho lake, wakampandisha nusu saa. Mambo yakawa hivyo miaka minane.

Mimi sikupenda. Kwetu mali ni ng'ombe. Ng'ombe anakupa maziwa, anakutolea mahari, na akifa mnakula. Farasi anakula yeye tu. Mzee Léonidas wa kanisani kwetu, ambaye haachi neno likapita bila kulishika mkia, alisema farasi anaowajua yeye ni wa Farao tu, na wale walizama. Tulicheka, Gaëlle naye akacheka, kisha akaangalia saa na kuondoka mbio kwenda kwa hao farasi.

Pale shuleni hakuna mtoto anayechagua farasi. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa Kiswidi, Birgitta, mwenye sauti ya kupasua mawe. Kila Jumanne alibandika orodha ukutani: fulani na farasi fulani. Juma hili unapewa mvivu, juma lijalo unapewa mwenye kisirani, la tatu unapewa anayeogopa hata mfuko wa plastiki. Na juu ya sheria zake zote Birgitta alikuwa na moja: ukihisi hatua za farasi haziko sawa, hata kidogo, unashuka papo hapo na kumwita mwalimu. Huulizi, hukisii. Kujua kama ni kitu au si kitu ni kazi ya mwalimu.

Siku moja nilichoka kumfulia suruali zenye manyoya nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako, ahangaike na vitu atakavyoweza kuwa navyo mwenyewe. Akanijibu kwamba yeye farasi havai, anampanda. Nilipogeuka kumjibu, alikuwa ameshafika chini ya ngazi.

Mwaka 2009 akaingia chuo, Flemingsberg, kusomea uuguzi. Mimi ni msafishaji katika hospitali kubwa ya hukohuko, kwa hiyo asubuhi tulikuwa tunaondoka pamoja: treni ya chini ya ardhi kutoka Husby mpaka katikati ya mji, halafu treni nyingine ya kwenda kusini, yeye na vitabu vyake, mimi na viatu vyangu vya kazi, wote wawili tumesimama ingawa viti vipo. Huko chuoni akagundua jambo nisilowahi kulisikia. Kuna mashindano ya farasi ya wanafunzi wa vyuo, na katika mashindano hayo mtu haruhusiwi kuja na farasi wake.

Nilidhani ananitania. Akanieleza ndani ya treni, harakaharaka, kama anavyoeleza kila kitu. Farasi wanatolewa na wenyeji wa mashindano. Majina yao yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinatiwa ndani ya kofia, na wewe unachota. Wanafunzi wawili wanaangukia farasi mmoja. Kila mmoja ana dakika tano za kumzoea, kisha kengele inalia, naye anafanya mazoezi yake mbele ya waamuzi: kutembea, kukimbia, kugeuka, kusimama. Aliyefanya vizuri zaidi juu ya farasi yuleyule anaendelea, mwenzake anakwenda kwao. Binti wa tajiri na binti wa msafishaji wanapanda mnyama mmoja.

Na humo mtoto wetu akawa moto wa kuotea mbali. Wasichana wengi walikuwa na farasi nyumbani, mmoja au wawili, wanaowajua kama mtu anavyojua viatu vyake vya kila siku. Ukimweka mmoja wao juu ya farasi wa mtu mwingine, dakika tano zinaisha bado anashangaa. Gaëlle hakuwa na la kumshangaza, maana kila farasi aliyempanda maishani alikuwa wa mtu mwingine. Dakika ya kwanza anasikiliza, ya pili anaomba, ya tatu farasi ameshakubali. Alikwenda Uppsala akashinda, akaenda Linköping akawa wa pili, akarudi Uppsala akashinda tena.

Nilianza kumfuata, mwanzoni kwa kumlinda, baadaye kwa sababu moyo wangu ulikataa kubaki nyumbani. Nilikuwa mama pekee mweusi kwenye uzio, na mwenye kelele kuliko wote, mpaka akaja kijana mmoja mwenye redio ya mkononi kunieleza kwa upole kwamba hapa watu hawapigi vigelegele, farasi wanashtuka. Nikavimeza. Hakuna chakula kigumu kumeza kama kigelegele.

Mwezi wa kumi mwaka 2011 ilibaki nafasi moja. Timu ya wanafunzi wa Sweden ilikuwa inakwenda Ubelgiji mwezi wa kumi na mbili, watu watatu, na wawili walikuwa wamepatikana. Wa tatu angepatikana Jumamosi moja, katika shule ya farasi upande wa kusini, mwendo wa basi kutoka Flemingsberg. Gaëlle alikuwa anamaliza masomo Januari. Akishamaliza si mwanafunzi tena, na mtu asiye mwanafunzi na asiye na farasi hana mahali pa kushindana, labda arudi Järva kusoma orodha ya Jumanne pamoja na watoto. Kwa hiyo ilikuwa Ubelgiji au ndiyo basi.

Juma lile nyumba haikukalika. Yeye anazunguka sebuleni kulia, mimi nazunguka kushoto, tunapishana kwenye mlango wa jikoni. Kazini nilisafisha korido moja mara mbili, na Mama Damalie, Mganda tunayefanya naye zamu, akaniuliza kama nimegombana na sakafu. Alhamisi nilimkuta Gaëlle amekaa juu ya mkono wa kochi, ameshika mshipi wa gauni langu la kuogea kama hatamu, anageuza mikono kulia, kushoto, kulia.

"Uko na woga?" nikamuuliza.

"Nej," akakana kwa Kiswidi, kama anavyojibu akitaka maneno yaishe. Halafu akaendelea kwa Kiswahili chetu cha Uvira, akiniita Tantine, yaani mama mdogo, macho ameyakaza kwenye ule mshipi. "Tantine, minataka hii kitu. Minaitaka sana."

Nilikwenda kusimama jikoni. Katika miaka kumi na moja mtoto yule hakuwahi kuniambia kwamba anataka kitu. Hata viatu nilikuwa nabahatisha mimi, nikiona anachechemea.

Jumamosi ilikuwa na baridi kavu. Mpaka saa sita mchana wengine wote walikuwa wametolewa, wamebaki wawili: Gaëlle, na msichana mrefu, mpole, jina lake Ebba, anayesomea uhandisi, ambaye kwao wana farasi wawili. Mwamuzi akachota karatasi. Farasi wa mwisho alikuwa Kapten, wa kahawia, uso umeanza mvi, mali ya mzee mmoja wa jirani aitwaye Arne aliyemleta kwa hiari yake kusaidia mashindano. Wakarusha sarafu. Gaëlle akaangukia kuwa wa kwanza.

Nilishika uzio kwa mikono yote miwili ili miguu isiniondoe. Dakika tano zile alimtembeza Kapten, akamkimbiza kidogo kuelekea kulia, ameinamisha kichwa na ile sura yake ya kusikiliza. Kengele ikalia. Akaanza. Upande wa kulia farasi alikwenda kama maji, nami nikaanza kupanga nani nitampigia simu kwanza kati ya ndugu zetu wa Liège, hukohuko Ubelgiji, na nani aniazime blanketi nikifika.

Akageuka kushoto. Kwenye kona nikaona kichwa cha Kapten kinashuka, kidogo tu, kama mtu aliyekosa ngazi. Kikashuka tena. Gaëlle akasimamisha. Alikaa pale juu kwa pumzi mbili au tatu, akawaangalia waamuzi, akamwangalia mzee Arne kwenye lango. Kisha akatoa miguu kwenye vyuma vya kukanyagia, akashuka chini.

Sheria hata mimi naijua. Kengele ikishalia, anayeshuka ametoka mashindanoni. Nilimwambia kwa sauti apande, nilimwambia kwa Kiswahili mbele ya Waswidi wote, nikamwita kwa jina la mama yake. Hakugeuka. Alimwongoza Kapten polepole mpaka langoni, mkono mmoja shingoni mwake.

Daktari wa wanyama alikuwepo. Akainua mguu wa nyuma uliokuwa unakosa hatua, akaukunja, akaunyoosha, akaagiza farasi akimbizwe kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, dakika kumi nzima. Halafu akasema farasi ni mzima. Mzee Arne alitikisa kichwa kukubali, hakuona jambo hapo.

"Ana miaka kumi na tisa," akasema. "Mguu huo hukaza kila siku mpaka apate joto. Mimi mwenyewe niko hivyohivyo."

Na zile dakika kumi za kukimbizwa kwa ajili ya daktari ndizo zilizompasha joto. Ebba akapanda, maana naye ilimlazimu kumaliza mazoezi ndipo apewe nafasi. Kona ya kwanza ya kushoto Kapten alikosa hatua moja, nikaiona, na moyo wangu mbaya ukaruka kwa furaha. Ebba akambana kwa miguu na kumsukuma mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Kona ya pili mguu ulikuwa umenyooka, na kutoka hapo farasi yule mzee alicheza mpaka watu wakasahau umri wake. Walipotangaza jina la Ebba nilipiga makofi matatu, ya adabu, nikaacha.

Ebba alikuja kwa Gaëlle, macho yana maji. Alimwambia kwamba farasi wake mkubwa yuko hivyohivyo kila asubuhi, ameshamzoea, hata hamwangalii tena. Hakusema kwa majivuno. Afadhali angejivuna, ningepata mtu wa kumchukia.

Nilimkuta Gaëlle nyuma ya banda, amepiga magoti kwenye majani makavu, anaufuta ule mguu wa Kapten kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nilizunguka farasi mara moja, nikazunguka tena, kwa mbali, maana bado nawaogopa.

"Sasa ulishuka ya nini?"

"Sijue."

"Haukujua ni uzee tu?"

Aliendelea kufuta. "Nilizania njo uzee. Farasi ya miguu ile nimeshapanda mingi."

"Basi?"

"Basi kama nimekosea je? Kama iko na ugonjwa kweli, na mimi niko juu yake, niko namusukuma?"

"Mwenyewe alikuwa pale. Angesema."

"Haiko yangu, Tantine." Sauti ilikuwa ndogo, na hapo ndipo nilipoona kwamba analia, analia huku mkono unafanya kazi. "Ebba anaweza kujaribu. Farasi ikivunjika, yeye anajua kuvunjika kwa farasi, yuko nazo nyumbani. Mimi siwezi kujaribu kitu ya watu. Hauharibu kitu ya watu. Ni wewe ulinifundisha."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja jina la mwalimu wake, na ilinichoma kuliko lawama.

Ni kweli, nilimfundisha. Alipofika, nilikuwa nimepanga chumba kimoja Hjulsta, mwisho wa njia ya treni, ndani ya nyumba ya watu waliokuwa na mkataba wao. Jina langu halikuwa mlangoni. Barua zangu zilikuja kwa jina la mtu mwingine juu ya bahasha. Mwenye nyumba akikunja uso unafungasha, na mimi nilikuwa na mtoto mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi nikaifunga ile kamba kwa mikono yangu. Nilimwambia asicheke kwa sauti, asifungue kabati za watu, asikae kwenye kiti cha baba mwenye nyumba. Nilimwambia sahani akiazima irudi imeoshwa na bila ufa, na akiona kitu kina kasoro aseme mapema, kabla hatujasingiziwa. Nilimwambia asubuhi na jioni, miaka minne. Alishika yote. Alikuwa na akili sana.

Mwaka 2004 tulipata nyumba yetu Husby, mkataba wangu, jina langu mlangoni kwa herufi nyeusi. Nilinunua mapazia, nikaita watu wa kanisa, tukaomba na kula. Lakini sikukaa na mtoto nikamwambia kwamba ile sheria sasa imekwisha. Haikunijia. Nilikuwa nakimbilia kazini, na mtoto asiyesumbua ni rahisi kumsahau.

Yote hayo nilipaswa kumwambia pale pale, kwenye majani makavu. Badala yake nilimpangusa uso kwa upande wa mtandio wangu. Akaniambia nitangulie, yeye lazima asafishe banda kwanza na kumkabidhi mzee Arne farasi wake mkononi. Nikaenda.

Ndani ya treni sikuweza kubaki behewa moja. Nilianza kwa kumkasirikia Ebba, nikahamia kwa daktari wa wanyama, nikamalizia kwa Arne na miaka yake kumi na tisa, na tulipofika katikati ya mji watu wa kuwakasirikia walikuwa wamekwisha, nimebaki mimi. Nyumbani niliweka sombe, kisamvu chetu, jikoni, nikasahau kuikoroga, ikashika chini. Nikafungua madirisha. Nikayafunga.

Kama saa kumi na moja kengele ya mlango ikalia.

Ilikuwa Gaëlle, naijua kengele yake. Ufunguo anao. Nilimpa juma lilelile tulilohamia, na hajawahi kuupoteza. Lakini siku zote, akijua nimo ndani, anabonyeza kengele kwanza na kusubiri, nami nakwenda kumfungulia. Miaka saba. Wageni walionikuta nikifungua walinisifu kwamba nimelea mtoto mwenye adabu, nami nilipokea sifa na kuwaongezea chai. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa siku ile ndipo nikaelewa ninachokisikia. Kumbe hata mimi alikuwa ameniazima. Miaka yote ile aliniangalia nisipate ufa.

Nikautoa mkono kwenye kitasa. Ulitaka kurudi, nikaushika kwa mwenzake.

Kengele ikalia tena, fupi zaidi.

"Niko hapa," nikasema nikiwa nyuma ya mlango. "Fungua."

"Tantine, uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko muzima. Fungua, mama, ni kwako."

Nilisikia pumzi yake, alikuwa amepanda ngazi kwa kukimbia kama kawaida yake. Mimi nilisimama upande wangu, yeye alisimama upande wake, na kwa mara ya kwanza kati yetu hakuna aliyetikisika. Kisha nikasikia zipu ya begi, na mkono unaotafuta ufunguo chini kabisa, chini ya vitu vyote.